Mdhamini wa Pili

Kilichoniponza ni mwandiko. Nimefundisha shule za msingi maisha yangu yote ya kazi, na nilipostaafu magoti yalikuwa yamechoka na macho yamechoka, lakini mwandiko ulikuwa mzima. Herufi zangu zinasimama wima na hazigusani. Kwa hivyo popote penye kikao hapa Laare, iwe mazishi, iwe kamati ya maji, lazima mtu aseme mwalimu awe katibu. Mimi hujifanya kukataa kidogo, watu wanasisitiza kidogo, halafu natoa kalamu niliyokuja nayo mfukoni. Ndivyo nilivyoingia kamati ya usalama ya lokesheni, na ndivyo nilivyojikuta Embu nikiisaidia serikali kutunga sera.

Ulikuwa mwaka wa vita vya redioni. Nasema hivyo kwa sababu hapa kwetu hatukusikia hata risasi moja, lakini kila asubuhi, kabla chai haijachemka, redio ilikuwa imeshatutia kiwewe. Jirani zetu wa kaskazini wamekusanya majeshi. Mpaka umefungwa. Mpaka umefunguliwa. Waziri amesema hatutaki vita ila hatuviogopi. Malori ya wanajeshi yalionekana yakipita Meru kuelekea Isiolo, na ndege za kupeleka miraa ng'ambo zilisimama, zikaruka wiki mbili, zikasimama tena. Sasa mtu wa Laare ukimgusia miraa umemgusa roho. Wazee ambao hawangeweza kukuonyesha mpaka kwenye ramani wakaanza kuongea kama majenerali, na mimi nilikuwa jenerali wa mbele kabisa.

Serikali ikatangaza kwamba inaandaa sera mpya ya usalama wa taifa, na ati safari hii sera itatoka chini kwenda juu. Wananchi watoe maoni. Tukaitwa wajumbe wa Meru na Embu kwenye hoteli moja mjini Embu, siku tatu, chai ya saa nne ikiwa na mandazi na soseji. Chifu alinitaja mimi. Mke wangu alinipigia koti pasi na kuniambia nisiongee sana, na mimi nikamjibu kwamba nimeitwa kuongea.

Tuligawanywa vikundi. Ukutani walibandika karatasi kubwa nyeupe, na kila kikundi kikapewa swali lake. Afisa aliyetoka Nairobi alikuwa kijana mpole wa suti, mwenye kuzunguka meza hadi meza akisema hakuna wazo baya hapa. Swali letu lilikuwa hili: nchi inapotishiwa vita, jamii ifanye nini ili adui asije akapata kitambulisho cha taifa na kuishi kati yetu? Nilikuwa na mama mkulima wa kahawa wa Kianjokoma, mzee mfugaji kutoka kule Mbeere kwenye joto, na wengine wawili ambao walikuwa wanangoja chakula cha mchana. Kalamu, bila shaka, nilikuwa nayo mimi.

Walinyamaza, wakinitazama. Mwalimu hawezi kuona darasa limenyamaza asijibu mwenyewe. Nikasema shuleni, mtoto akiletwa na mtu tusiyemjua, tulitaka mtu mzima anayejulikana aje atie sahihi. Basi na serikali ifanye vivyo hivyo. Mtu ambaye babu yake hajulikani hapa aje na wadhamini wawili wasio wa ukoo wake. Halafu, kwa kuwa nilianza kujipenda, nikaongeza: wadhamini wenyewe wawe na hati ya shamba, kwa sababu mwenye shamba hawezi kukimbia nalo. Nikaongeza tena: na huyo waliyemdhamini akifanya mabaya, waje wao waulizwe.

Yule mzee wa Mbeere aliinua mkono. Alisema kule kwao chini watu wamekaa na mbuzi wao tangu mababu na wengi hati ya shamba hawajaiona. Hao watadhaminiwa na nani? Akauliza pia mpangaji, mtu aliyekodi nyumba mahali pamoja miaka na miaka, kwani mpangaji mwenzake hamjui vizuri kuliko mwenye shamba wa mlima ule mwingine? Lilikuwa swali la akili kuliko yote niliyosikia siku hizo tatu. Mimi nikamwambia, "Mzee, tungekubali ushahidi wa mbuzi, lakini hawajui kutia sahihi." Meza nzima ikaangua kicheko. Yeye pia alicheka, kwa adabu tu, akashusha kofia yake, na hakusema tena mpaka tulipofunga. Nikikumbuka kofia ile, masikio yananiwaka.

Wazo langu likaandikwa kwa herufi zangu nzuri. Kijana wa suti alilipiga picha kwa simu, na siku ya mwisho akalisoma mbele ya ukumbi kama mfano wa maoni yaliyotoka kwa mwananchi mwenyewe. Akaninong'oneza kwamba kutachaguliwa wachache wa kwenda kulitetea Nairobi. Lo, kichwa changu kilivimba hata koti likanibana. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa naandaa hotuba.

Baada ya miezi kadhaa mwongozo wa muda ulifika ofisi ya chifu. Kamati za kupiga msasa, yaani kuhoji na kuchuja, waombaji wa vitambulisho ziundwe upya, na waombaji wenye asili ya nje ya eneo waje na wadhamini wawili wasio jamaa zao, wenye hati za mashamba, watakaowajibika. Yalikuwa maneno yangu, waliyonipunguzia koma moja tu. Nilibeba nakala mpaka nyumbani nimuonyeshe mke wangu. Alivaa miwani, akasoma polepole, akaniuliza, na majirani zetu je? Nikamuuliza majirani gani. Akasema wale. Nikamwambia wale si wageni. Akanirudishia karatasi na kuniuliza kama karatasi inajua hilo.

Wale ni familia ya dereva wetu. Namwita dereva wetu kwa sababu tangu nianze kuuza miraa yangu mwenyewe, hajawahi kuibeba mtu mwingine. Baba yake alikuwa Msomali mchinjaji katika mtaa wa Majengo, Meru mjini, na yeye alizaliwa pale Majengo, akasomea pale, akaja Laare aliponunua pikapu yake ya kwanza. Anaongea Kimeru hata mimi hunirekebisha matusi. Amepanga nyumba upande wa pili wa barabara yetu miaka yote hiyo. Mke wangu alipojifungua kitinda mimba wetu mvua ikiwa imekata barabara, mke wake ndiye aliyempokea mtoto kwa mikono yake. Idi tunakula kwao, Krismasi wanakula kwetu, ingawa kuku tunamwita yeye aje amchinje.

Na binti yake mkubwa nilimfundisha mimi. Darasa la nne. Alikuwa mtoto wa kuuliza kwa nini mpaka unatamani kengele ilie. Mwaka ule wa redio alikuwa amemaliza sekondari, ametimiza miaka kumi na minane, na amepata nafasi chuo cha uuguzi. Barua ilisema aripoti Septemba akiwa na kitambulisho. Ni hicho tu kilichobaki. Karo ilikuwa imeshapatikana, sare ilikuwa imeshashonwa, na mama yake alikuwa ameshaionyesha sare hiyo kwa kila mtu barabarani.

Baba yake alinijia Jumapili alasiri, nimetoka kanisani sijabadilisha hata viatu. Alikuwa amevaa kanzu, na mikononi amebeba kibunda cha miraa. Sasa hapa kwetu kuna kibunda cha kuuza na kuna kibunda cha kuomba. Cha kuomba hutoka kwenye miti mizee, vijiti vyake vimelinganishwa urefu kimoja kimoja, kimefungwa kwa jani bichi la mgomba, nacho hubebwa kwa mikono miwili. Mtu akikuletea hicho hasemi neno kwanza. Anakiweka mbele yako. Ukikifungua ukatafuna, umekubali kusimama na yeye katika jambo lake, na huwezi kurudi nyuma. Ikiwa hutaki, hukigusi. Unasema tu meno yanauma, naye anakichukua anaenda, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Vijana wetu wa siku hizi hata kukifunga hawajui. Yeye alikuwa amekifunga kama babu yangu.

Meno yangu ni mabovu. Kushoto sina gego hata moja. Ningesema meno yanauma ningekuwa nimesema ukweli mtupu mbele ya Mungu.

Nilikifungua. Nilitafuna kijiti kimoja nikimtazama usoni, nikasikia ule utamu unaokuja baada ya uchungu, ndipo naye akaketi.

"Mwalimu, nimekuja kwa njia yenu," alisema. "Mtoto wako anataka kwenda shule."

Aliniambia mdhamini wa kwanza amepata, mjane mmoja wa huku juu mwenye shamba la parachichi, ambaye marehemu mumewe alikuwa rafiki yake. Alikuwa na haja ya wa pili. Nikamwambia hata asingekuja na kitu ningesimama. Niliapa, na hakuwa ameniomba kuapa. Mke wangu alituletea chai akaona jani la mgomba limefunguliwa juu ya meza, akatabasamu, akatuachia chupa nzima.

Kama kikao cha kamati cha vitambulisho kingekuwa kesho yake, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini kilikuwa baada ya wiki tatu, na wiki tatu ni nyingi kwa mtu mwenye moyo wa kuku. Kwanza ikaja habari kwamba lokesheni ya jirani mdhamini mmoja ameitwa kituoni akakaa siku mbili akihojiwa, kwa sababu kijana aliyemdhamini amevuka mpaka, wengine wakisema kutafuta kazi, wengine wakisema mambo mengine. Nakala ya hati yake ya shamba ilibaki kule kule. Nikaanza kulitazama shamba langu kwa jicho la mtu anayeaga. Halafu chifu akatuambia yule kijana wa suti anakuja kuangalia mwongozo unavyofanya kazi, na kwamba baada ya hapo ndipo watachaguliwa wa kwenda Nairobi.

Ninataka niseme nilinyamaza kwa hofu ya shamba. Hofu ina heshima kidogo, watu wanakuelewa. Lakini ningekuwa nadanganya. Hofu ilikuwepo, ndiyo, ila kilichonifunga mdomo hasa ni Nairobi.

Tulikaa Jumanne asubuhi kwenye ukumbi wa mabati nyuma ya ofisi ya chifu. Mwenyekiti alikuwa mzee wa kanisa letu, mtu wa haki lakini mwenye kufuata karatasi neno kwa neno. Wanakamati walikuwa watano, mimi, katibu kama kawaida, nikiwa na daftari mwisho wa meza. Kijana wa suti alipoingia aliwasalimu wote, halafu akanishika bega mbele ya watu na kusema, "Huyu ndiye mwenye wazo." Waombaji walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, na wote waliniangalia. Hapo nikajua sitasimama. Nitasema mbele ya watu kwamba sheria ni yangu, na mtu wa kwanza kuitumia kumbeba msichana wa Kisomali ni mimi? Wataniuliza nilikula nini. Na kweli nilikuwa nimekula.

Wazazi walitakiwa kungoja nje. Binti aliitwa akaingia peke yake, hijabu nyeupe, faili mkononi, cheti cha kuzaliwa, barua ya chuo, vyote vimepangwa kama nilivyomfundisha kupanga. Mwenyekiti alimuuliza maswali ya kawaida. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, nani alimfundisha. Alipofika kwenye nani alimfundisha alitaja jina langu, akaniangalia kwa furaha. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Mjane wa parachichi akasimama, akaonyesha hati yake, akasema anamjua, akatia kidole.

Kazi ya kusoma fomu ilikuwa ya katibu. Kwa hivyo ni mimi niliyepaswa kuuliza swali lililofuata, mimi mwenyewe niliyekuwa jibu lake.

"Mdhamini wa pili?" nikasoma.

Binti aliniangalia. Mwanzoni alitabasamu, nadhani alifikiri ni utaratibu, kwamba lazima nisome kwanza ndipo niweke kalamu chini nisimame. Akangoja. Mimi nikainamia daftari nikajitia kutafuta ukurasa. Nilifunua kurasa mbili mbele na mbili nyuma. Mwenyekiti akauliza kama kuna mdhamini wa pili. Binti alifungua mdomo, na ninajua angeweza kunitaja, angeweza kusema mwalimu alikuja, mwalimu alikubali, mwalimu alitafuna. Hakusema. Alikuwa amelelewa vizuri, hamwaibishi mtu mzima mbele za watu. Alisema tu, "Nilifikiri yuko."

Nikaandika: mdhamini wa pili, hakuna. Niliandika vizuri. Hakuna herufi hata moja iliyotetemeka, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Aliambiwa ajaribu kikao kijacho, baada ya miezi mitatu. Kijana wa suti alisema mfumo unafanya kazi, akanipa mkono. Nairobi sikuitwa kamwe. Waliopelekwa walikuwa wengine, na sikumbuki hata nani. Nilifungia faili kabatini, nikatokea mlango wa nyuma, nikapitia kwenye mashamba ya watu mpaka nyumbani, mtu mzima wa umri wangu nikiruka mifereji.

Nilimkuta mke wangu amesimama jikoni mikono mitupu, hapiki chochote. Habari ilikuwa imenitangulia. Aliniuliza kama ni kweli. Nikaanza kumweleza habari za yule mdhamini wa kituoni, hati ya shamba, watoto wetu watarithi nini. Aliniacha nimalize. Hajawahi kunikatiza katika ndoa yetu.

"Ulikula kibunda cha watu," alisema, "ukaandika hakuna."

Basi. Hakupiga kelele, hakulia. Akawasha moto akapika. Tuliendelea kuishi, ananiambia karibu chakula, ananiambia mvua inakuja, ingiza vijiti. Ila vile vicheko vyake vya kunichokoza, vya kuniita mheshimiwa nikivaa koti, vilikwisha siku hiyo.

Nilitegemea baba wa binti aje anitukane. Nilijiandaa kabisa, nikapanga majibu. Hakuja. Kesho yake alfajiri pikapu yake ilipiga honi langoni kama kawaida, akapakia miraa yangu, akahesabu vibunda kwa sauti, akanitakia siku njema. Tofauti ilikuwa moja tu, hakuingia kunywa chai. Alisema amechelewa. Alichelewa siku ile, na iliyofuata, na zote zilizofuata. Siku moja nilijikaza kisabuni nikashika mlango wa gari nikamwambia nilipatwa na jambo pale kwenye kikao, na kwamba kikao kijacho nitasimama mimi wa kwanza. Alinisikiliza injini ikiwa inanguruma.

"Usijali, mwalimu," alisema. "Ni mambo ya serikali."

Angenipiga kofi ningelala vizuri. Huyu mtu alinipa mlango wa kutokea. Aliniambia haikuwa mimi, ilikuwa serikali, kana kwamba serikali ni mvua, inanyesha tu, hakuna aliyeileta. Na mimi nilijua ilikotoka. Nilijua mpaka meza yenyewe, na kofia ya yule mzee, na mandazi.

Septemba ikaja. Chuo kikafungua. Walimpigia simu mara mbili, halafu nafasi yake ikapewa mwingine. Binti akaanza kazi kwenye kibanda cha kufungia miraa pale sokoni, akiwa amekaa na kina mama wengine, akipanga vijiti na kuvikaza kwa kamba. Nilipita pale nikijifanya natafuta mnunuzi. Nilimwambia asikate tamaa, kikao kinakuja, nitasimama. Akasema, "Sawa, mwalimu," kwa adabu ile ile, mikono yake ikiendelea kufunga, na kutoka hapo nilikuwa nikizungukia upande wa soko la ndizi.

Ninaomba msinielewe vibaya. Sisemi serikali isilinde mipaka. Nina mpwa jeshini, yuko huko huko kaskazini, na redio ikianza mimi huacha kutafuna ili nisikie vizuri. Watu wabaya wapo. Lakini nilifikiri sera ni kitu kinachotungwa na watu wakubwa wenye siri kubwa, kumbe inaweza kutungwa na mzee mmoja wa Laare anayetaka kupigiwa makofi kabla ya chakula cha mchana. Halafu inapelekwa Nairobi, inapigwa mhuri, inarudi imevaa nguo hata mwenyewe huitambui, na mtu wa kwanza inayemkamata ni mtoto uliyemfundisha kusoma. Adui gani tulimzuia pale? Sijawahi kumuona. Nilimuona nesi tu.

Kikao cha pili nilikwenda mapema. Nilibeba hati yangu ya shamba ndani ya bahasha ya kaki, na kwa mara ya kwanza tangu nistaafu nilifanya mazoezi ya maneno mbele ya kioo. Sikumwambia mke wangu. Nilitaka asikie kwa watu, kama alivyosikia lile la kwanza, niitwe tena mheshimiwa. Unaona? Hata toba yangu ilikuwa inataka makofi.

Hakukuwa na kijana wa suti siku hiyo. Redio ilikuwa imepoa, ndege zilikuwa zinaruka. Binti aliitwa akaingia na faili lake, hijabu ile ile nyeupe, ila vidole vimepasuka kwa kazi ya kamba. Mjane wa parachichi akasimama, akasema yake. Nikasoma fomu.

"Mdhamini wa pili?"

Nikaweka kalamu chini. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka, mkono kwenye bahasha, niliposikia benchi la nyuma limelia. Mke wangu alikuwa anakuja mbele. Sikuwa nimemuona akiingia. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani, na mkononi ameshika hati ya kile kishamba chake cha huku chini alichonunua na wenzake wa chama cha akiba, ambacho mimi hukitania kwamba kuku akinyoosha mbawa anakimaliza. Aliiweka mbele ya mwenyekiti.

Mwenyekiti alinitupia jicho, kisha akamuuliza kama mwongozo unavyosema. Anaelewa kwamba msichana huyu akifanya jambo, ni yeye tutakayekuja kumuuliza?

"Mje," alisema mke wangu. "Mama yake alishika mtoto wangu kabla yangu. Mje tu, mimi sihami."

Hapo na mimi nikasimama. Nilisema na mimi ninamjua, ninataka kumdhamini, hati yangu hii hapa. Sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyoipanga. Binti alitazama mezani. Mwenyekiti alichukua mwongozo, akauweka karibu na macho, akaufuata kwa kidole mpaka kwenye kile kipengele changu.

"Wanasema wawili, mwalimu," aliniambia kwa upole. "Na wawili wametosha. Keti uandike."

Niliketi. Nilirudisha bahasha mfukoni, nikachukua kalamu. Fomu inataka mdhamini aulizwe majina yake yote, hata kama katibu anamjua, ili kusiwe na upendeleo. Hilo nalo nililiweka mimi kule Embu. Nikamuuliza mke wangu anaitwa nani. Akanitajia, yote matatu, polepole, kama mtu anayemtajia karani asiyemjua, na hakuondoka mezani mpaka alipoona nimeyaandika.